Mama wa Siku ya Tano

Wacha niseme mapema kabisa: mimi ni mwoga. Watu wa mtaa wetu huku Annexe wakinisikia nikibishana na wateja mlangoni wanadhani nina roho ngumu, kumbe ni mdomo tu. Wakati wa mimba yangu ya tatu niliogopa kila kitu. Niliogopa ngazi, niliogopa pilipili, niliogopa mbwa wa jirani, niliogopa hata kucheka kwa nguvu. Mimba ya kwanza ilitoka mapema, kabla sijamwambia mtu. Ya pili ilikaa mpaka nikaanza kununua nguo ndogondogo, kisha nayo ikatoka, na zile nguo nikazigawa siku hiyo hiyo kwa sababu sikuweza kulala nazo chumba kimoja. Ya tatu ilipovuka pale ambapo ya pili ilikomea, ikawa kila asubuhi naweka mkono tumboni kabla ya kufungua macho. Mtoto akicheza, naamka. Asipocheza, nabaki nimelala palepale namwomba Mungu, jasho linanitoka.

Lakini nilichokiogopa kuliko vyote kilikuwa Ijumaa. Hofu hiyo sikuzaliwa nayo. Nilipewa ndani ya nyumba yangu, na mama mkwe wangu.

Mama mkwe wangu ni Mrusi. Baba mkwe, Mungu amlaze pema, alipelekwa Urusi kijana mdogo kusomea kazi ya migodi, akarudi na diploma na mwanamke mweupe mwenye nywele za rangi ya mahindi. Watu walisema hamalizi mwaka. Leo baba mkwe amelala makaburini, na yeye bado yuko hapa. Anasonga bukari, ugali wetu, laini kunishinda, anampima muuza makaa kwa macho tu akajua kama gunia limejazwa majani chini, na Kiswahili chake ni hiki hiki chetu cha Lubumbashi, na Kifaransa ndani yake. Ukimwita mgeni anakasirika. "Mi niko mu-Katangais," anasema. "Ngozi tu ndiyo ilichelewa treni."

Tulikuwa tunaishi wawili nyumbani siku za kazi. Mume wangu anafanya kazi mgodini Kipushi, analala huko, anarudi Jumamosi. Chumba cha mbele ndicho atelier yangu: meza ya kukatia, pasi, na mashini ya kushona ya mguu, kwa sababu umeme wetu ukisema unakuja ujue unaaga. Nashona bikwembe, vile vitambaa vyetu vya maua, na kazi yangu ni nzuri. Hilo sioni haya kulisema.

Habari ya siku za juma ilianzia kwenye redio. Mama alikuwa anachambua maharage jikoni, redio imeshika kituo fulani cha Tanzania, mtangazaji akasema leo ni Jumatatu. Mama akainua kichwa.

"Juu ya nini tatu? Leo si kazi moya?"

Hapo inabidi nieleze. Babu yangu alishuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli, na wazee wale siku zao zote zilikuwa za kazi. Kazi moya ni siku ya kuanza, baada ya misa. Halafu kazi mbili, kazi tatu, kazi ine, kazi tano. Jumamosi ilikuwa siku ya posho, kwa sababu siku hiyo mabwana waligawa unga na samaki wa chumvi. Halafu siku ya Mungu. Vijana siku hizi wanasema lundi, mardi, kwa Kifaransa, lakini kwetu kazi moya imebaki, na Mama aliipokea kwa baba mkwe pamoja na kila kitu kingine.

Basi nikamweleza nilivyojua. Nikamwambia watu wa pwani wanahesabu kuanzia kesho yake ya sala ya Ijumaa. Jumamosi ndiyo ya kwanza, Jumapili ya pili, kwa hiyo siku yetu ya kuanza kazi kwao ni ya tatu. Jumatano ni ya tano. Na kesho yake ni Alhamisi, ambayo nayo ni ya tano, ila kwa hesabu ya Waarabu. Mama alicheka mpaka akaweka sinia ya maharage chini.

"Yoo! Basi bale ba kule baharini beko na tano mbili, moya nyuma ya ingine! Na hakuna mutu aliuliza?"

"Wewe kwenu mnasemaje?" nikamuuliza. Laiti ningelinyamaza.

Aliinuka, akaenda kuchukua kopo langu la vifungo. Akavipanga juu ya meza ya jikoni kimoja kimoja, akivitaja kwa lugha yake na kunitafsiria. Siku ya Mungu, akasema, zamani wazee wake waliiita kutofanya. Ndiyo hivyo tu, siku ya kutofanya kitu. Baadaye watu wa kanisa waliibadilisha wakaiita ufufuko, na lile neno la kutofanya likahamia kwenye juma zima. "Lakini ba jirani zetu," akasema, "bo banaita vile vya zamani mupaka leo." Siku inayofuata jina lake ni baada-ya-kutofanya. Inayofuata ni ya pili. Halafu ya katikati. Halafu ya nne. Halafu ya tano. Na Jumamosi waliipata kutoka kwa Wayahudi, ile sabato yao, kama vile Wafaransa na samedi yao.

Mimi nina tabia ya kubisha. Nikaangalia vile vifungo, nikaweka kidole kwenye kile alichokiita cha katikati.

"Mama, hii si katikati. Ukianza na kazi moya, katikati ya saba ni kazi ine. Na huyu ni kazi tatu. Mbona hamkumwita wa tatu?"

Alinitazama akafurahi kabisa, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mtukutu. Akasogeza kifungo cha siku ya Mungu, alichokuwa amekiacha pembeni, akakiweka mbele ya vingine vyote, akahesabu upya, na kweli, Jumatano ikaangukia katikati. Akasema waliohesabu walikuwa wawili na hawakukaa chini pamoja. Mmoja alianza na siku ya Mungu, kama kanisa. Mwingine alianza na siku ya kazi. Majina yakachanganyikana na watu wakaendelea na maisha yao. Wengine wanasema hiyo siku ya katikati iliazimwa kwa Wajerumani. Nilicheka. Nilikuwa na furaha siku ile, mtoto alikuwa anacheza tumboni, maharage yalikuwa yanachemka.

Kisha nikaona kwamba kifungo cha siku ya tano, Ijumaa, hakipo tena mezani. Mama alikuwa amekishika ndani ya kiganja.

"Huyu tulimwita wa tano," akasema, na sauti yake ikawa chini. "Lakini haiko namba. Huyu ni mwanamuke."

Nikasema, "Mwanamke gani tena?"

Akanieleza. Kijijini kwa bibi yake, Ijumaa ilikuwa mama mmoja mrefu, mwembamba, nywele zimefumuka, anayepita nyumba kwa nyumba. Ngozi yake ina matundu kila mahali, kwa sababu kila mwanamke anayeshona siku hiyo anamchoma yeye na sindano. Macho yake yamejaa vumbi la nyuzi la wale wanaosokota. Si mama mbaya. Wanawake wanaotaka watoto wanamwomba yeye, na mwenye uchungu wa kuzaa anamwita yeye, ndiye anayesimama mlangoni mtoto akija. Lakini akikukuta na sindano siku yake, anakulipa pale pale alipoumia. Mikono inakauka, au macho. Na ukiwa na mimba hakulipi wewe. Bibi yake alimjua mwanamke aliyeshona shati la mume wake siku ya Ijumaa akiwa na tumbo kubwa, na mtoto akazaliwa kope zimeshikana, hazikufunguka hata siku moja.

"Mama!" nikamkatiza. "Unaniambia mambo hayo na hali yangu unaijua?"

"Nakuambia juu hali yako naijua," akasema.

Mimi ni Mkatoliki. Ijumaa ya Kwaresima siili nyama, nimezoea siku hiyo kuwa na masharti. Lakini hili lilikuwa jingine. Nilijaribu kulicheka na halikuchekeka. Usiku nikaanza kumwona yule mama mwenye matundu. Padri nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, akaniambia nisali rozari nisisikilize hadithi. Nikasali rozari. Na Ijumaa iliyofuata nikafunika mashini kwa shuka.

Anayejua kazi ya fundi wa nguo mjini kwetu atanionea huruma. Harusi zetu ni Jumamosi. Maana yake Ijumaa ndiyo siku ambayo fundi hali, hanywi, anaweka zipu, anapunguza kiuno, mashangazi wa bibi harusi wamemsimamia kichwani. Mimi nikawa fundi anayefunga mlango siku hiyo. Wateja walinicheka. "Weye, umekuwa mu-Islamu sasa?" Mmoja akaniuliza kama mume wangu ananificha. Niliwajibu kwa matusi madogomadogo, wakacheka, lakini wengine hawakurudi. Nilijiambia basi, mtoto akizaliwa watarudi. Ikafika mahali nikaizoea hofu ile, naijua sauti yake, kama mtu anavyojua bawaba ya mlango wake.

Halafu akaja mama mmoja wa Golf, mtaa wa matajiri. Anakaa kwenye zile nyumba za ukuta mrefu, na alikuwa anamwoza mtoto wa dada yake. Kitambaa cha mashangazi wote, sare moja, alikuwa amekiagiza, kikachelewa, kikafika Alhamisi mchana. Akakileta mwenyewe na gari, akapanda juu ya kizingiti changu na viatu vyake, akanishika mikono yote miwili. Ananijua tangu naanza kazi. Ndiye aliyewaambia wenziwe wa Golf kwamba huku Annexe kuna mkono. Akasema, "Usiniaibishe, mama." Nikakata vile vitambaa jioni ile ile, nikaunga nilivyoweza. Ijumaa asubuhi nguo za watu zilikuwa bado zimelala mezani bila mikono.

Nilisimama mbele ya mashini nimevaa kanga ya kulalia, na nikakasirika. Sijui hasira ilitoka wapi. Nilikuwa nimechoka kuogopa, nafikiri ni hivyo. Nikavuta shuka.

Mama alikuwa anaingia na chai. Akaona.

"Hapana," akasema.

"Mama, wacha. Yule mama yako anajua baridi na theluji. Hapa ni Lubumbashi. Hapa siku ya tano ni kazi tano! Babu yangu aliifanya kazi siku hiyo maisha yake yote, na bibi yangu alimshonea suruali siku hiyo, na baba yangu alizaliwa na macho yake mawili."

"Yeye hajue mupaka ya inchi," akasema Mama. "Mi nilikuja. Unazani yeye alishindwa kunifuata?"

Maneno hayo yalinipiga vibaya. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mdomo wangu ukifunguka haurudi nyuma. Nikamwambia akitaka kuogopa aende akaogopee nje. Naam, nilimwambia hivyo mama mkwe wangu. Aliweka chai juu ya meza, akatoka, akakaa kwenye kiti cha uani, amenipa mgongo.

Nikashona. Mwanzoni kila sindano iliposhuka nilibana macho. Mkono wa kwanza ukaingia, wa pili ukaingia, hakuna kitu. Jua likapanda, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani. Nikajisikia mtu mzima. Nikasema moyoni, ona, ni hadithi tu, umepoteza wateja wako bure.

Ni wakati nanyoosha mgongo nilipotambua kwamba mtoto hajacheza.

Kawaida mguu wangu ukianza kukanyaga mashini, naye anaanza mateke yake, tunashona pamoja. Nikajaribu kukumbuka. Asubuhi nilipoamka? Nilikuwa nafikiria nguo za watu, sikuweka mkono. Jana jioni? Jana jioni nilikuwa nakata. Nikaweka mikono yote miwili. Tumbo lilikuwa gumu na kimya. Nikainywa ile chai iliyopoa yenye sukari nyingi, nikalala chini kwa ubavu wa kushoto juu ya mabaki ya vitambaa, nikasubiri. Nilimwita mtoto. Nilimwambia cheza, mwanangu, cheza kidogo tu, hata kidole. Hakuna. Nikaona sindano ya mashini pale juu, imesimama ndani ya kitambaa, na hofu iliyonishika hapo sijawahi kuijua kabla wala baada. Ilikuwa baridi, ilianzia miguuni. Nilipiga ukelele.

Mama alikuja mbio. Alipiga magoti, akaweka sikio tumboni, akasikiliza sana. Sikumwona uso. Alipoinuka hakuniambia, "Nilikuambia." Alikwenda mlangoni akamwita jirani, yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, akamwambia atafute teksi haraka na anisindikize maternite, hospitali ya wazazi. Akampigia mume wangu Kipushi, akamwambia atukute huko. Akanifunga kikwembe kiunoni kwa mikono yake.

Teksi ikafika. Nikamwambia, "Mama, ingia."

"Hapana. Mi nabakia."

"Unabakia?"

"Nenda!" akasema. "Nenda, mutoto, usiangalie nyuma."

Jirani alinisukuma ndani. Kwetu mama mkwe ndiye anayekwenda na wewe, ndiye anayekaa kwenye benchi nje ya mlango, ndiye anayepokea habari. Yeye akabaki. Na gari lilipokuwa linageuka kwenye vumbi, nikasikia mashini yangu. Niliijua sauti ile, hakuna nyingine mtaani. Mtu alikuwa ameikalia anashona.

Nikamwambia jirani, "Unasikia? Anamaliza nguo za watu!" Nikalia njia nzima, na katika kilio kile kulikuwa na chuki. Mtoto wangu amenyamaza tumboni, na yeye anaona aibu ya mashangazi wa Golf. Nilisema sitamsamehe. Jirani, masikini, alikuwa ananipiga-piga mgongo tu, "Nyamaza, mama, okoa nguvu."

Maternite walinilaza. Mkunga kijana akaniwekea tumboni ile pembe ya mti ya kusikilizia mtoto, akainamisha sikio. Akaihamisha. Akaihamisha tena. Nilikuwa namwangalia usoni, na uso wake ukawa unajifunga taratibu, mpaka hauniangalii tena. Akasema, "Nakuja," akatoka. Mtu yeyote aliyewahi kulala kwenye kitanda kile anajua maana ya nakuja ile. Nilishika chuma cha kitanda. Sikusali. Nilikuwa naongea na yule mama mwenye matundu, nasema nichukulie mikono, ni mikono yangu iliyoshona, mikono chukua hata leo.

Akaja mkunga mwingine, mtu mzima, mnene, na mashini ndogo ya kusikilizia. Akapaka kitu cha baridi. Ikawa inakwaruza tu, inakwaruza, inakwaruza. Akabonyeza upande wa chini, kwa nguvu mpaka nikaumia. Na hapo ikatokea sauti ya moyo, mbio mbio, ndogo, na hasira zake.

"Eko huyu," akasema. "Amegeuka, amekupa mugongo. Roho inapiga muzuri." Halafu akanigombeza. Nimekula nini tangu asubuhi? Chai? Na nimekaa nimejikunja juu ya mashini tangu saa ngapi? Mtoto naye amechoka, alale, mimi pia nilale. Nikacheka na kulia pamoja. Baada ya kula uji nilipigwa teke moja la mbavuni, na hakuna zawadi niliyowahi kupewa duniani kama teke lile.

Mume wangu alifika, buti zimejaa vumbi la Kipushi, akashikilia mlango kwa mikono miwili kabla ya kuingia. Nilimwambia mtoto yupo, akakaa chini sakafuni. Waliponiachia tukarudi nyumbani, jua bado halijazama. Na njiani, hofu ikiwa imeondoka, hasira ikarudi mahali pake. Nilikuwa nimeshapanga maneno yote nitakayomwambia mama yake, naye anisikie.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi, umewekewa jiwe usijifunge. Mama alikuwa amegeuza mashini ikitazama barabara. Alikuwa bado anashona. Vile vitambaa vya mashangazi vimeenea kila mahali, na Mungu wangu, mishono ile! Mama hajui kushona, hajawahi kujua. Mikono imeingia upande usio wake, uzi umefumuka, kimoja amekishona mpaka shingo ikafungika. Kidole chake kilikuwa na damu, na damu hiyo iko kwenye kitambaa. Hakuwa anamaliza nguo za mtu yeyote.

"Mutoto?" akauliza, mguu bado unakanyaga.

"Eko," nikasema. "Roho inapiga."

Mguu ukasimama. Alifanya ishara ya msalaba, ile ya kwao inayoanzia bega la kulia, akaanza kutetemeka mwili mzima. Nikaona kwamba alikuwa ameogopa kunishinda mimi, siku nzima, peke yake, mlango ukiwa wazi. Mume wangu akamshika mabega. "Mama, unafanya nini?"

"Namungojea," akasema. "Nilifungua mulango ili akifika anione mimi. Nimemwambia: hakuna mwingine alishona leo. Ni mimi. Mukono iko hii. Kama ni macho, nimemwambia macho iko hii, ni yangu, achukue. Ile ya mutoto aache."

Nilikwenda nikaketi chini, nikaweka kichwa kwenye magoti yake. Alinuka mafuta ya mashini. Hakuna aliyewasha taa mpaka giza likaingia ndani kabisa. Nguo zile nilizifumua na kuzishona upya alfajiri ya Jumamosi, na yule mama wa Golf alizichukua zikiwa bado na moto wa pasi, akanilaani, lakini alizichukua.

Mtoto alizaliwa. Msichana, mweusi kama babu yangu, na sauti. Kitu cha kwanza nilichomwuliza mkunga si kama ni mzima. Nilimwuliza, "Amefungua macho?" Alikuwa amefungua. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeletewa nguo si yake. Mama alipompokea mikononi alimsogeza dirishani, akapitisha kidole mbele ya uso wake, huku na huku, na macho yale yakafuata.

Sasa mtoto anatembea. Anashika mashini, anavuta nyuzi, anataka kila kifungo kiingie mdomoni. Mimi nashona siku zote isipokuwa Ijumaa, na wateja wamezoea.

Na Mama haoni vizuri. Ilianza jicho la kulia, ukungu, akawa anachambua maharage kwa vidole. Halafu la kushoto. Mume wangu alimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari akasema ni uzee tu, kitu hiki kilianza miaka mingi kabla hatujakiona, ni kazi ndogo, wanaondoa ule ukungu na jioni anarudi nyumbani anaona. Mume wangu alifurahi. Mama akafunga mkoba wake, akasimama.

"Hapana, dokta. Asante. Kitu umeshapana kwa mutu, hauiombi tena."

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa. Mume wangu naye alielewa baadaye, akagomba, akalia, akaleta padri, Mama akamkaribisha padri chai na kumwuliza habari za parokia. Sasa mume wangu ananisukuma mimi. "Wewe anakusikia," ananiambia kila anaporudi kutoka Kipushi. "Wewe mwambie. Neno lako moja tu linatosha." Ni kweli, ananisikia. Nikimwambia Mama twende, kwa ajili yangu, nafikiri atakwenda.

Mkunga aliniambia mtoto alikuwa amegeuka tu. Daktari ameniambia ni uzee tu. Nawaamini wote wawili. Asubuhi naamka nimeamua kabisa kwamba leo nitamwambia. Halafu namkuta Mama uani, mtoto yuko mapajani mwake, anampapasa kope zile kwa kidole gumba, taratibu.

"Anaona?" ananiuliza.

"Anaona, Mama."

"Anaona mbali?"

"Mbali kabisa. Anaangalia ndege kule juu ya waya."

"Basi," anasema, na anacheka, uso ameuelekeza pembeni kidogo, si kwangu. Mimi mwenye mdomo wa kugombana na mtaa mzima nasimama pale mlangoni, namwangalia mtoto wangu anavyomfuata yule ndege, na sisemi kitu.